Bamba la mm 6 limegoma kubonyea kwenye kompyuta. Wajuzi wa finaiti elementi naomba msaada

BambaSita (Arusha)

Wakuu, habari za usiku. Naomba mnisaidie kabla sijaitupa hii laptopu mtaroni.

Mimi ni fundi wa mabamba hapa Unga Limited. Diploma ya mekanika ninayo, ila hizi hesabu za finaiti elementi (kulikata bamba vipande vidogo, yaani elementi, ambavyo kompyuta inavihesabu kwa pamoja) nimejifundisha mwenyewe usiku, baba mdogo akishafunga karakana na mashine za kusaga za jirani zikinyamaza. Tunachomelea matanki ya mraba, hopa za unga, mifuniko ya mashimo ya maji. Mwaka jana tulifunga mfuniko wa tanki la chini kwa mteja mmoja, bamba la mm 4. Baba mdogo akaligonga kwa kisigino akasema linatosha. Mimi nikasema linatosha. Fuso la mchanga likarudi nyuma likapita juu yake. Halikutoboka, lakini lilibaki limedidimia kama karai, na hela ya kulibadilisha ilitoka mfukoni kwetu. Tangu siku hiyo neno "linatosha" nimelikataa mpaka nione namba.

Basi nimeandika programu yangu kwa Python. Elementi ya nodi nne (nodi ni pointi ya kona inayounganisha elementi na wenzake), kila nodi ina vitu vitatu: kubonyea kwenda chini na mizunguko miwili. Ni ile ya nadharia ya Mindlin, yenye mpindo (bamba kujikunja) na mkato (matabaka ya unene kuteleza) ndani yake. Integrali zote nafanya kwa Gauss 2×2 (kujumlisha kwa pointi nne maalum ndani ya kila elementi), kwa sababu kila ninaposoma naambiwa kwa nodi nne hiyo ndiyo kamili.

Kabla ya kuiamini nikafanya jaribio. Bamba la mm 6, mita moja kwa mita moja, nimelilaza juu ya fremu ya engo. Nikazungushia mbao, nikatandika nailoni, nikamwaga madumu matano ya lita 20. Lita 100 juu ya mita moja ya mraba ni kina cha sentimita 10 sawasawa. Chini katikati nimeweka ile saa ya kupimia tunayotumia kunyooshea shafti, nimeiweka sifuri kabla ya maji. Ikasoma 1.2. Nikaona pembe za bamba zimeinuka, karatasi ya daftari inapita chini yake bila kugusa. Nikazibana pembe nne kwa vibanio, ikasoma 1.1.

Fomula ya kitabuni ya bamba la mraba lililoegemea pande zote nne ni 0.00406 × q × a⁴ ÷ D (q ni mzigo kwa eneo, a ni upande, D ni ukakamavu wa bamba kwa mpindo). Kwa E (ugumu wa chuma) ya 200,000 N/mm² na nu (uwiano wa Poisson) ya 0.3 napata D ya kama milioni 3.96, na katikati linabonyea mm 1.0. Kwa hiyo maji na kitabu wanaelewana. Programu yangu sasa (meshi 4×4 ni bamba lililokatwa elementi nne kila upande):

meshi 4×4: mm 0.004
meshi 8×8: mm 0.016
meshi 16×16: mm 0.06
meshi 32×32: mm 0.2

Yaani kwa 4×4 bamba langu ni gumu mara 250 kuliko chuma chenyewe. Yuniti nimeangalia mpaka macho yameuma. Nikadhani pointi za Gauss ni chache, nikaweka 3×3. Jibu halikubadilika hata tarakimu ya mwisho. Nimekosea wapi?

kijana_wa_sakina

Mkuu weka meshi 200×200 ulale. Itakayochoka ni kompyuta siyo wewe.

Boriti_Kavu

Angalia E yako. Nimeshaona watu wanaweka GPa kama MPa. Kosa la kawaida sana.

BambaSita (Arusha)

@Boriti_Kavu kaka ingekuwa E, jibu lingekosea kwa kiasi kilekile kwenye meshi zote. Hili linabadilika na meshi.

MamaJakobiani (Moshi)

Mwanangu, pole, na hongera pia. Nimefundisha hesabu hizi miaka mingi, na wanafunzi waliomwaga maji kabla ya kuamini kompyuta nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Na hilo ulilomjibu Boriti ndilo lenyewe. Soma namba zako tena taratibu. Kila unapokata elementi nusu, jibu linapanda karibu mara nne. Programu yenye kosa la yuniti haina tabia hiyo. Yenye tabia hiyo ni elementi iliyojifunga kwa mkato.

Chukua peni, uitazame elementi moja kwa ubavu. Mkato kwa Mindlin ni tofauti ya vitu viwili: mteremko wa bamba, na mzunguko wa ule mstari uliosimama ndani ya unene. Bamba likiwa jembamba, maumbile yanataka tofauti hiyo iwe sifuri. Sasa, ncha mbili za elementi yako zikibonyea tofauti, mteremko kati yake ni namba moja tu mwanzo hadi mwisho. Mzunguko wenyewe unabadilika kwa mstari ulionyooka toka ncha hii hadi ile. Wewe unakwenda kwenye pointi mbili, −0.577 na +0.577, na kila pointi unauliza: je, mko sawa? Mstari ulionyooka utakuwa sawa na namba isiyobadilika kwenye sehemu mbili kwa njia moja tu, nao usibadilike. Mzunguko usiobadilika maana yake hakuna kupinda. Umeiambia elementi ipinde na papo hapo umeikataza kupinda.

Ukiuliza swali hilo mara moja tu, katikati, wanaweza kulingana pale na mzunguko ukabaki huru kupanda huku na kushuka kule. Bamba linapinda.

Ubishi wa nani ana nguvu unaamuliwa na unene. Ukakamavu wa mpindo unakwenda na unene (h) kwa kipeo cha tatu, h³. Wa mkato unakwenda na h peke yake. Bamba likikonda, ule mkato wa uongo unaumeza mpindo mzima. Kinachohesabika ni upana wa elementi ukigawa kwa unene, kisha mraba wake. Wewe kwa 4×4 una elementi ya mm 250 juu ya unene wa mm 6, karibu 42, na mraba wake ni zaidi ya 1,700. Ndiyo maana ushauri wa kijana wa Sakina si uongo ila ni ghali: kwa 200×200 elementi ni ya mm 5, nyembamba kuliko unene wa bamba, na utapata kama 0.9. Milinganyo 121,203 ili ukosee kwa asilimia 10.

Kuhusu 3×3: Gauss wa pointi n anapata sawasawa polinomia hadi daraja la 2n−1. Pointi mbili, daraja la 3. Kwenye elementi ya mstatili, vyote unavyointegreti ni daraja la 2 kila upande. Kwa hiyo 2×2 ilikuwa imeshakupa jibu kamili la swali baya, na 3×3 ikarudia jibu lilelile. (Elementi ikiwa imekaa upogo, Jakobiani (kipimo cha jinsi umbo lilivyovutwa) anaingia chini ya mstari wa sehemu, si polinomia tena, na hapo zitapishana kidogo.)

Wakubwa walishaumwa na nyoka huyuhuyu. Mwaka 1970 Ahmad, Irons na Zienkiewicz walitoa elementi ya magamba (mabamba yaliyopinda) manene. Ikiwa nene ni nzuri, ikikonda inakakamaa. Mwaka uliofuata Zienkiewicz, Taylor na Too wakaonyesha kwamba ukipunguza pointi za Gauss, elementi ileile inafufuka. Kwa ndugu yetu wa nodi nne, 1977 Hughes, Taylor na Kanoknukulchai wakaigawa kazi mafungu mawili: mpindo kwa 2×2, mkato kwa pointi moja ya katikati. Anza na hilo. Kwenye programu yako ni kutenganisha kitanzi kimoja kuwa viwili, na usisahau kwamba uzani (namba inayozidishwa na thamani ya pointi) wa pointi moja ya katikati ni 4, siyo 1. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepoteza Pasaka nzima kwa hiyo 4.

BambaSita (Arusha)

Shikamoo mama. Nimefanya usiku huuhuu, umeme ukiwa na huruma. Mpindo 2×2, mkato pointi moja yenye uzani wa 4.

Meshi 8×8: mm 1.0.

Nimeitazama skrini dakika nzima. Pointi nne ndizo zilizokuwa zinakosea, moja ikapatia. Nilivyolelewa, ukipima mara nyingi ndiyo unapata ukweli zaidi!

Ila furaha haikufika alfajiri. Kuna mteja wa Kijenge anataka jukwaa la bamba hilohilo, halikai kwenye fremu, linasimama juu ya miguu minne tu, mmoja kila pembe. Nikabadilisha mashiko: pande ziko huru, nodi nne za kwenye pembe tu ndizo zimezuiwa kwenda chini. Meshi 8×8, mzigo uleule. Nikaambiwa bamba limebonyea kilomita. Sitanii, namba ina sifuri kumi na kitu. Nikaichora, na picha ni trei la mayai: nodi moja chini, inayofuata juu, inayofuata chini, bamba zima.

Kituko ni kwamba nilipoweka 7×7 kwa bahati mbaya, ikatoa mm 6 na kitu, picha safi kabisa. Nikarudi 8×8, mayai. 6×6, mayai. 5×5, safi. Nani amewahi kuona programu inayochagua witiri na shufwa?

kijana_wa_sakina

Weka 7×7 uuze jukwaa mkuu 😂

MamaJakobiani (Moshi)

Marahaba. Usimsikilize huyo.

Hicho kituko nimekipenda, kwa sababu kinaelezeka kwa ubao wa drafti. Lakini kwanza tuhesabu deni.

Elementi yako ina nodi nne zenye vitu vitatu kila moja: uhuru 12. Mitatu katika hiyo ni ya kuhama tu bila kujikunja, yaani kupanda nzima, kuinama huku, kuinama kule. Inabaki 9 ambayo matriksi ya ukakamavu (jedwali la ugumu wa elementi) inapaswa kuizuia. Mpindo wa 2×2 unazuia 5. Mkato wa 2×2 ungezuia 4, jumla 9, deni limelipwa, ila ndiyo ile elementi iliyojifunga. Mkato wa pointi moja unazuia 2. Jumla 7. Una namna mbili za kujikunja ambazo elementi haizioni kabisa, hazigharimu nguvu yoyote. Moja haina madhara, kwa sababu ukiziunganisha elementi mbili tu inakosa pa kupita. Ya pili ndiyo mayai yako: pembe mbili zinazotazamana juu, mbili chini, mizunguko yote sifuri. Katikati, pale unapouliza swali lako moja, mteremko ni sifuri. Elementi inajibu "sijambo" huku imekunjwa. Inaitwa saa ya mchanga, kwa umbo lake.

Hii inapita toka elementi hadi elementi kama umbea sokoni Mbuyuni. Kwenye fremu ya pande nne hukuiona kwa sababu kila nodi ya ukingoni ilizuiwa, umbea ukakosa mlango. Kwenye miguu minne milango ni minne tu. Sasa chora nodi zako kama ubao wa drafti, nyeusi juu, nyeupe chini. Meshi 8×8 ina nodi 9×9, na kwenye ubao wa 9×9 pembe zote nne zina rangi moja. Lishushe bamba zima kidogo mpaka nyeusi zirudi sifuri: miguu minne imetosheka, na nodi nyeupe zote zimezama kadiri zinavyotaka bila kulipa. Hakuna wa kuzizuia, ndiyo kilomita zako. Meshi 7×7 ina nodi 8×8, ubao halisi wa drafti, na pale pembe zinazofuatana zina rangi tofauti. Huwezi kuzituliza zote nne kwa kushusha wala kuinamisha bamba. Mlango umefungwa kwa bahati.

Nasema kwa bahati. Toa maji, weka mzigo wa tairi moja kwenye nodi moja ya 7×7, uchore. Mayai yatarudi, madogo, na utayaona ni kubonyea kwa kawaida.

Kila unapoandika elementi mpya, kabla ya kuiunganisha na wenzake, tafuta aigenivalyu za matriksi yake ya 12×12 (namba zinazoonyesha elementi inapinga kiasi gani kila namna ya kujikunja) na uhesabu sifuri. Zikiwa tatu, lala. Zikizidi tatu, jua kuna mlango na ujue unaelekea wapi. NumPy ya Python inafanya hivyo kwa mstari mmoja.

Dawa ziko za aina mbili. Ya kwanza, unabaki na pointi chache halafu unaongeza ukakamavu mdogo wa bandia unaogusa ile saa ya mchanga tu. Flanagan na Belytschko waliliandika vizuri mwaka 1981, na programu za kugongesha magari zinaishi kwa njia hiyo, kwa sababu zinarudia hesabu ya kila elementi mara mamilioni na pointi moja ni robo ya kazi ya pointi nne. Wewe hugongeshi magari. (Fuso lilijigongesha lenyewe.)

Kwa hiyo chukua ya pili, ya Dvorkin na Bathe, 1984. Mkato usiupime kwenye pointi za Gauss. Upime katikati ya kingo nne. Mkato wa upande wa x upime katikati ya ukingo wa chini na wa juu, kisha uuvute kwa mstari ulionyooka kati ya hizo mbili. Wa y vivyo hivyo, kushoto na kulia. Hizo namba zilizovutwa ndizo unazopeleka kwenye 2×2 ya kawaida. Katikati ya ukingo ndipo pale ambapo mteremko na mzunguko wanaelewana, kwa hiyo haijifungi, na kwa kuwa umepima sehemu nne, deni lote la 9 linalipwa.

PaaLaSafari (Arusha, Njiro)

Naomba kuchomekea. Mimi nipo kwenye bodi za gari za utalii, zile tunazokata paa la Land Cruiser na kuweka linaloinuka. Nyinyi mnaongelea pointi za kwenye uso wa bamba. Mimi nililiwa na pointi za ndani ya unene.

Nilikuwa na programu inayopima mkazo kwenye pointi mbili za Gauss katika unene. Nikasoma mkazo mkubwa, nikaona uko chini ya kiwango, nikapitisha bati. Likaja kuchanika penye kona ya tundu. Baadaye ndiyo nagundua: pointi mbili za Gauss hazikai juu ya uso wa chuma. Zinakaa asilimia 58 ya njia toka katikati. Na mkazo wa mpindo unakua kwa mstari toka katikati hadi usoni. Kwa hiyo nilikuwa nasoma asilimia 58 ya mkazo halisi na kujiona mjanja.

BambaSita, kwa bamba lako na yale madumu: momenti (nguvu ya kupinda) ya katikati ni 0.0479 × q × a², kama 47 N·mm kwa kila mm ya upana. Usoni ni N/mm² 7.8. Kwenye pointi ya Gauss utasoma 4.5. Chuma hakipasuki katikati ya unene wake, kinaanzia usoni.

Sasa hivi natumia Simpson (kanuni nyingine ya kujumlisha, pointi zake ziko kwa hatua sawa) ndani ya unene kwa sababu pointi zake za mwisho ziko usoni penyewe. Programu nyingi zinakuwekea 5 bila kuuliza. Mimi naweka 7 kwa usalama.

BambaSita (Arusha)

Hii ya 58 imenichoma, kaka. Programu yangu inaandika mkazo wa pointi ya Gauss na mimi nilikuwa naunakili kwenye kadi ya mteja.

Swali la nyongeza: ule mfuniko wa mm 4 uliodidimia. Pale chuma kilishaachia, hakikurudi. Nikitaka kuhesabu kitu kama hicho, pointi ngapi ndani ya unene?

MamaJakobiani (Moshi)

Paa umesema kweli kuhusu usoni. Hiyo 7 yako tutaizungumza.

Chuma kikiwa bado kinarudi, pointi mbili za Gauss katika unene zinatosha kwa momenti, kwa sababu unaintegreti z mara z, daraja la 2. Mkazo wa usoni unaupata kwa kuvuta mstari. Shida inaanza chuma kikiachia. Hapo mkazo hauendi tena kwa mstari. Unapanda, unagonga dari, unalala. Mpindo ukifika mwisho kabisa, nusu ya juu yote iko kwenye dari upande mmoja na nusu ya chini yote upande wa pili, na katikati kuna ngazi. Gauss alitengenezewa polinomia laini, hapendi ngazi.

Momenti ya mwisho kabisa ni mkazo wa kuachia × h² ÷ 4, mara moja na nusu ya ile ya kuachia kwa mara ya kwanza, ambayo ni h² ÷ 6. Njoo tuone kila kanuni inakupa kiasi gani cha hiyo momenti ya mwisho. Ni kuzidisha kila uzani kwa umbali wa pointi yake toka katikati na kujumlisha, hata kalkuleta ya simu inatosha. Jibu sahihi ni 1.

Gauss 2: 1.155
Gauss 3: 0.861
Gauss 5: 0.945
Simpson 3: 0.667
Simpson 5: 1.000
Simpson 7: 0.963
Simpson 9: 1.000

Gauss wa pointi mbili anakupa nguvu ya asilimia 15 ambayo chuma hakina, na hiyo ndiyo inayoua watu. Simpson wa tatu anakuibia theluthi. Na Paa, tazama 7 yako iko nyuma ya 5. Simpson anatembea hatua mbili mbili. Kwa pointi 5, jozi mbili za hatua zinakutana katikati kamili ya unene, pale penye ngazi, kila jozi inaona mstari laini na inapatia. Kwa pointi 7 jozi ni tatu, na ile ya katikati inaikanyaga ngazi mguu huku na mguu kule.

Ila usiende kuchora tatoo ya 5. Hiyo ni kwa mpindo mtupu. Bamba likivutwa na kupinda kwa pamoja, ngazi inahama toka katikati na bahati ya 5 inakwisha, na hapo 9 au 11 ni bora kweli. Fuso juu ya mfuniko wako lilifanya yote mawili: bamba la mm 4 likishadidimia kuliko unene wake linaanza kubeba kama kitambaa kilichokamatwa kingo, si kama ubao.

PaaLaSafari (Arusha, Njiro)

Mama nimerudia kwa mkono, 7 inatoa 26/27, ndiyo hiyo 0.963. Nimenyoosha mikono. Miaka minne naweka 7.

Boriti_Kavu

Mimi nilikuja kusema E tu 🙏 nimekaa mpaka mwisho.

BambaSita (Arusha)

MREJESHO.

Samahani kwa kukaa kimya siku tisa, tulikuwa na hopa ya watu na mvua ilikuwa inaingia karakana.

Nimeandika upya kwa kupima mkato katikati ya kingo. Ilinichukua usiku mbili, mmoja wa kazi na mmoja wa kutafuta alama ya kutoa niliyoiweka pasipo pake (mizunguko yangu ya x na y ilikuwa imebadilishana majina). Aigenivalyu: sifuri tatu. Nilizihesabu mara mbili kama chenji ya konda wa kifodi.

Fremu ya pande nne, 8×8: mm 1.0. Miguu minne, 8×8: mm 6.3, hakuna yai hata moja. Meshi ya 7×7 inapishana nayo kwa kidogo sana. Nikaweka tairi kwenye nodi moja kama mama alivyosema, nikachora ya zamani na mpya kwa pamoja. Ya zamani ina chunusi bamba zima. Mpya imezama pale penye tairi basi.

Kisha nikarudia madumu kwenye miguu. Vipande vinne vya bomba chini ya pembe, mbao na nailoni kama mwanzo. Dumu la tatu tu tayari maji yalikuwa yanakimbilia katikati kwa macho, kingo nazo zinabonyea kwa sababu hakuna fremu. Lita 100 zilipokamilika saa ilisoma 6.7. Hesabu inadhani maji yamelala sawa kila mahali, na mimi nimeona hayajalala, kwa hiyo hiyo 0.4 sina ugomvi nayo.

Mteja wa Kijenge nimemwambia bamba la mm 6 juu ya miguu minne haliendi, tutaweka mbavu mbili za engo chini. Baba mdogo akauliza nimejuaje, nikamwonyesha saa. Hakusema kitu. Asubuhi nakuta lile bamba la majaribio limeshakatwa kuwa mfuniko wa shimo la mtu Kwa Mrombo. Fremu nimeificha nyuma ya mitungi ya gesi.

Wiki ijayo kuna hopa ya duara, bati la mm 3 limeviringishwa. Naweza kutumia elementi hizihizi nikizipanga kwa kuzungusha?

MamaJakobiani (Moshi)

Ukizipanga bapa bapa kama mbao za pipa, zitakufaa. Ongeza kwenye kila nodi uhuru wa kuhama ndani ya uso wa bamba, kwa sababu kwenye gamba la duara kuvutana ndiko kunakobeba unga, mpindo unakuja pale duara linapokutana na koni. Hapo kwenye kiungo kata elementi ndogo.

Usikimbilie elementi zilizopinda zenyewe za nodi nane au tisa mpaka uwe umeshika hizi. Zile zikikonda zinajifunga kwa njia ya pili: zinashindwa kupinda bila kujivuta, na safari hii kinachojifunga si mkato bali mvutano wa utando wenyewe. Ukifika huko fungua uzi mpya, huu umeshakuwa mrefu, na mwambie baba mdogo asikate bamba lingine kabla hujapima.

BambaSita (Arusha)

Sawa mama. Bati lenyewe linaviringishwa Jumanne, nitaomba kipande cha mabaki.